Mashine Ambayo Haikuwa ya Baba

Nilijua. Wiki ya tatu tangu niinunue mashine ile ya kunolea nilikwishajua kwamba haikuwa ya Baba, na kwa mwaka mmoja na miezi minne nilikana. Nilikana mbele ya mume wangu, mbele ya fundi, mbele ya ndugu zangu katika kundi letu la simu, na mbele ya wasomaji wa gazeti moja ambao wala hawakuwa wameniuliza. Mbele ya Mama sikukana, kwa kuwa Mama hakuuliza. Ningependa kusema niliogopa kumuumiza. Niliogopa kuonekana mjinga, basi, na kwa mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada mbili zilizotiwa fremu, woga huo una nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Nilikuwa nimekuja Kilosa kwa wiki mbili. Mvua za mwaka ule ziliujaza mto Mkondoa, na maji yakaingia nyumbani kwa Mama mpaka usawa wa magodoro. Kikao cha ndugu, ambacho mimi sikukimaliza kwa sababu mtandao ulikatika, kiliamua kwamba niende nikamchukue. Wenzangu wote wana kazi. Mimi naandika makala, na kwa ufahamu wa familia yetu kuandika ni shughuli inayofanyika popote penye meza, kama kuchambua mchele.

Nyumbani kwangu Mikumi kila kitu kilikuwa tayari. Tulikuwa tumemjengea chumba chenye sakafu isiyo na ngazi, choo cha ndani, na dirisha linalotazama milimani badala ya barabara kuu ya malori. Na Mama naye alikuwa tayari. Hili nalisisitiza kwa sababu ilinichukua muda mrefu mno kulielewa. Siku kumi baada ya mimi kufika, masanduku yake mawili yalikuwa yamefungwa kwa kamba, kuku wamegawiwa majirani isipokuwa mmoja, na wanawake wa mtaani wamepanga kuja Ijumaa kumsomea dua ya safari.

Alhamisi nikaenda Kimamba kumuaga kwa niaba yake binamu yake mmoja. Wakati wa kurudi, dereva wa bodaboda alisimama kuongea na mtu anayenunua vyuma chakavu, na hapo, kati ya fremu za baiskeli na mabati, nikaiona. Mashine ya kunolea ya kusimama, ya chuma cha kusubu, yenye mguu mmoja mnene na mabega mawili ambapo mawe yalikuwa yakikaa. Mawe hayakuwepo. Mota ilikuwepo, imefunikwa na udongo wa nyigu. Upande mmoja palikuwa na alama ya kibao kilichokwisha kung'olewa, misumari minne ya ribiti bado imo.

Baba alikuwa mnoaji katika karakana ya shamba moja la mkonge Kimamba. Alinoa visu vya kukatia majani, mapanga, patasi za maseremala, kila kitu chenye makali. Jumamosi jioni alirudi na baiskeli, nyusi zake zikiwa za kijivu kwa vumbi la jiwe, nami nikiwa mtoto niliamini kwamba uzee ni kitu ambacho baba yangu hupata siku za kazi na kukiosha mwisho wa wiki. Alifariki kwa kifua nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Tulisema ni sigara.

Nilimuuliza yule muuza vyuma imetoka wapi. Akasema, "Huku huku." Hayo ndiyo maelezo yote niliyoyapata, na niliyapokea kama hati ya mahakama. Nilimwandikia mume wangu ujumbe: nimeipata mashine ya Baba. Si "huenda nimeipata." Miaka mingi ya ualimu, ya kusahihisha insha za wanafunzi, nikiwaandikia pembeni kwa wino mwekundu "ushahidi uko wapi?", haikunisaidia kitu.

Ijumaa mashine ikaletwa na pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, ikiwa imelala chali kama mgonjwa. Wanawake wa dua walikuwa wameshaketi mkekani. Nikasimama mbele yao, na naona aibu ninapokumbuka jinsi nilivyosimama, nikasema, "Mama, nimekuletea mashine ya Baba. Tutahama nayo. Nitaiweka chini ya dirisha lako pale Mikumi, uione kila asubuhi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akalia. Mama aliinuka, akatembea taratibu na mguu wake mbaya, akaweka kiganja juu ya chuma kile, akakiondoa. "Ahsante mwanangu," alisema. "Mungu akulipe." Kisha dua ikasomwa, kwa safari na kwa marehemu na, kwa pendekezo langu, kwa mashine.

Kwetu mzazi hamkatalii mtoto zawadi mbele ya watu. Akishaipokea na ikasomewa dua, haikatai tena hata wakiwa wawili tu. Nalijua hilo tangu utotoni, nimewahi hata kuliandikia makala. Lakini siku ile nilikuwa ninatafuta machozi usoni kwake, na nilipokosa machozi nikajiambia kwamba majonzi yake ni ya ndani sana.

Mvua ikaanza kabla mchele haujaiva. Wanaume wanne wakaiingiza mashine kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, wakaisimamisha, wakaenda kula. Haikutoka tena. Ilikaa pale, kati ya chumba changu na mlango wa nje, na kwa muda wote uliofuata nilipita ubavu ubavu kwenda chooni, nikiingiza tumbo ndani, huku nikiomba radhi kwa chuma.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya safari, Mama alinijulisha kwamba yule kuku mmoja aliyebaki ameanza kulalia mayai.

Nikasema tutasubiri, kuku ni siku ishirini na moja tu. Vifaranga wakaanguliwa. Mahindi ya bondeni yakawa karibu kukomaa. Mahindi yakavunwa, jirani akafiwa, na haingekuwa vizuri kuondoka kabla ya arobaini. Baada ya arobaini ukaja mwezi wa Ramadhani, nao mtu hahami katikati ya mfungo. Kila mara nilipouliza, Mama alisema "haya", neno ambalo halina mahali pa kushika. Angekataa ningebishana naye, nimesomea kubishana. Ila "haya" yake ilinifunga kila siku upya. Sikuweza kumwacha peke yake karibu na ule mto, na sikuweza kumbeba.

Nikatafuta sababu, na kama kawaida yangu nikapata iliyo nzuri kuliko ya kweli. Kila jioni Mama alitandika kanga juu ya mashine, akaifunika mpaka chini. Mara moja aliniuliza kama ikiwaka itatoa vumbi. Nikaunganisha mambo hayo mawili na kuamua kwamba Mama anasubiri itengenezwe. Hawezi kuondoka na kitu cha mumewe kikiwa maiti. Anataka kuisikia ikizunguka. Nilimweleza mume wangu kwa simu, kwa ufasaha mkubwa. Akaniuliza kama nimemuuliza Mama mwenyewe. Nikamwambia kuna mambo ambayo hayaulizwi.

Na tangu wiki za mwanzo nilikuwa nimeandika makala. Nilikuwa na meza, nilikuwa na mwanga wa dirisha moja, na kati yangu na mlango palikuwa na mada ya kutosha. Niliandika juu ya mikono ya baba yangu na chuma kilichoikumbuka. Ilichapishwa. Jirani aliikata gazetini, akaja kumsomea Mama barazani mbele ya watu sita, na wote wakasema mzee amepata heshima. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna mtu anataka chai.

Ilikuwa wiki ileile, wiki ya tatu, ndipo nilipojua. Nilikwenda Kimamba tena, mara hii kupiga picha za karakana ya zamani kwa ajili ya makala ya pili. Paa halikuwepo, na mtu alikuwa ameotesha mihogo pale palipokuwa na maseremala. Mlinzi mmoja, ambaye sikuelewa analinda nini, alinionyesha kona ya kunolea. Sakafuni palikuwa na msingi wa zege wenye vichwa vinne vya bolti vilivyokatwa, vimepangwa mraba, mpana kama meza ya kulia chakula ya watu wawili. Nilipima kwa kamba ya mfuko wangu, nikapiga fundo. Nilipofika nyumbani nikapiga magoti ukumbini na kuweka kamba kwenye mguu wa mashine. Mguu ulikuwa na matundu matatu, yamekaa kama mafiga, na upana wake haukufika hata nusu ya kamba.

Kisha nikafungua fundo, nikaikunja kamba, na kujiambia kwamba lazima palikuwa na mashine mbili.

Sasa nilihitaji fundi, maana mtu aliyekwisha kudanganya gazetini hawezi kuishia njiani. Niliyempata alikuwa na karakana karibu na barabara, mtu wa makamo kutoka ukoo wa wafugaji waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa. Alichomelea mageti na vitanda, akatengeneza majembe ya ng'ombe na matela ya miwa. Alinitangaza kuwa mtani wake siku ya kwanza, bila kuuliza kabila langu, kwa hoja kwamba mtu anayekarabati kitu asichokijua lazima awe mtani wa mtu fulani. Hakutaka kuichukua mashine kwake. Alisema atakuja yeye, kwa sababu kuitoa kungehitaji kubomoa mlango. Akawa anakuja siku mbili kwa wiki, anavua viatu, anamwamkia Mama kwa heshima zote, kisha anaanza kunichokoza mimi.

Alianza kwa kuizunguka kwa macho tu, kadiri ukumbi ulivyoruhusu. Halafu akasimama mbele yake kama mtu anayenoa, akajikunja.

"Dada, marehemu mzee alikuwa mrefu?"

Nikasema alikuwa mrefu sana, alilazimika kuinama kwenye kila mlango.

"Basi ndiyo maana alikuwa hacheki kwenye ile picha ya sebuleni. Hii ingemvunja mgongo. Hii imetengenezwa kwa watu wafupi."

Nilimwambia afanye kazi.

Akafanya. Shafti, ule mhimili unaoshika mawe, ilikuwa imeganda kabisa. Tuliimwagia mafuta ya taa na dizeli kila siku kwa mwezi mzima, yeye akija kuigonga kwa nyundo ya mbao, mimi nikibaki na zamu ya kuinyunyizia asubuhi na jioni. Nyumba ilinuka kama kituo cha mafuta. Nikanuka mimi, zikanuka karatasi zangu. Kazi ya kukwangua rangi ilikuwa yangu, kwa brashi ya waya na msasa. Juu palikuwa na rangi nyeusi ya lami, mtu ameipaka kuzuia kutu. Chini yake kijivu. Chini ya kijivu ikatokea rangi ya maziwa, safi, na mstari mwembamba wa buluu uliochorwa kwa rula kuzunguka shingo ya mashine. Niliutazama mstari ule, nikaacha kukwangua. Hakuna shamba la mkonge ambalo lingemlipa mtu achore mstari wa buluu kwenye mashine ya kunolea. Ule ulikuwa mkono wa mwalimu wa ufundi, mtu mwenye rula na muda.

Siku tulipoilaza ubavu kusafisha chini ya mguu, mambo yakawa mabaya zaidi. Fundi alipitisha kitambaa, akamulika kwa simu yake, akaanza kutikisika mabega. Ndani ya mguu, mahali ambapo mtu angefika tu akiwa amelala sakafuni akijifanya anafagia, palikuwa pamechorwa kwa msumari herufi za kwanza za majina yasiyopungua ishirini, moyo mmoja uliochomwa mshale, na sentensi kumhusu mwalimu fulani ambayo siwezi kuiandika hapa.

"Dada," fundi alisema kwa upole uliozidi, "baba yako alikuwa na mchumba kazini?"

Nikamwomba apunguze sauti, Mama yuko uani.

"Hii ni ya karakana ya shule. Imetumika kufundishia tu hii, haijawahi kufanya kazi." Akanitazama, akaona vile ninavyotazama, akaongeza, "Sikumaanisha wewe."

Ningeweza kusema wakati ule. Mtu mmoja tayari alijua, na alikuwa anacheka tu, hakuna mbingu iliyoanguka. Badala yake nikamwambia kwamba huenda shamba liliinunua kutoka shule. Fundi alikubali haraka, kama unavyomkubalia mgonjwa. Tangu siku hiyo tulikuwa wawili katika uongo, yeye akiwa ameingizwa bila kuombwa ruhusa, na kila alipokuja alimuuliza Mama habari za asubuhi bila kumtazama usoni.

Beringi zikapatikana Morogoro. Mota ikasukwa upya waya zote, ikarudi ikiwa imefungwa kwenye kiroba cha mchele. Miezi ikaenda. Mume wangu alikuja Jumapili kadhaa, akaketi na Mama, akapita ubavu ubavu kuja kuniona, akarudi Mikumi. Alisema chumba cha Mama sasa kina popo. Mimi niliacha kuandika makala nyingine zote. Nilijikuta naamka, napita ubavu ubavu, nanyunyizia mafuta, nauliza lini, naambiwa haya. Nilianza kuielewa nyumba kwa upana wa mwili wangu.

Kisha mawingu yakaanza tena kukaa juu ya milima, na fundi akasema kilichobaki ni jiwe.

Hapo ndipo uongo wangu ulipotaka kuua mtu. Jiwe la kunolea, alinieleza, halifungwi kwa kubahatisha. Kila jiwe lina mwendo wake. Ukiweka jiwe kubwa kwenye mashine inayokimbia sana, linapasuka, na vipande vinatoka kama risasi. Mota yetu haikuwa na kibao, mashine haikuwa na kibao. Alitaka kujua mashine hii ilikuwa inafungwa jiwe la ukubwa gani. Kama kweli ni ya mzee, alisema akitazama ukutani, basi atakuwepo mtu aliyefanya naye kazi, tumuulize.

Alikuwepo. Msaidizi wa Baba, mtu aliyemchotea maji ya kupoozea visu kwa miaka, alikuwa hai, analima miwa Ruhembe. Fundi alimpata kupitia madereva wa malori ya miwa ya Kidodi. Nilikaa na namba yake siku tatu. Nilipopiga nilikuwa nimeandaa maswali kama wakili, yamepangwa ili yeye ajibu kila kitu na asijue chochote. Nikamwamkia, akafurahi sana, akamkumbuka "kaka", ndivyo alivyomwita Baba, akaeleza kwamba jiwe la kaka lilikuwa kubwa kama sinia la watu wanne. Kisha yeye ndiye akaanza kuuliza. Tumeipata wapi? Kwa muuza vyuma. Mguu wake una matundu mangapi?

"Matatu," nikasema.

Nilisikia kikohozi, kirefu, cha mbali na simu. "Nitapiga," akasema, akakata.

Nilimpelekea fundi habari za sinia. Aliingia ukumbini, akaweka viganja viwili kwenye kava la jiwe, pengo ambalo lisingepokea hata kisahani cha chai. "Sinia linaingia wapi hapa, dada? Nionyeshe." Nikamwambia kweli yote, kuanzia kamba na fundo lake. Hakucheka. Alisema atafunga jiwe dogo la mashine za shule, analolijua, na kwamba mengine ni kati yangu na mama yangu, yeye kwake ana matela yanamsubiri.

Siku iliyofuata, kabla ya jiwe kufika, aliijaribu bila jiwe. Nilimwita Mama. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo kwa zaidi ya mwaka, na hata kwa kujua ninachokijua nilitaka kuuona uso wake. Mama alisema anakwenda kwa jirani mara moja. Fundi akawasha. Mashine ilinguruma, ikatetemeka, kisha ikatulia katika mlio mmoja mwembamba usiopanda wala kushuka, na shafti ikazunguka kwa ulaini kiasi kwamba usingejua inazunguka isipokuwa kwa mng'ao. Ilikuwa nzuri. Nilisimama pale na fundi, wote tukitabasamu kama wazazi. Kupitia mlangoni nilimwona Mama akivuka barabara, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea na mguu ule, akiwa ameziba pua na mdomo kwa kanga.

Niliudhika. Hicho ndicho nilichohisi, nalikiri hilo pia.

Baada ya siku mbili mvua ya kwanza ikanyesha. Ilikuwa ya saa moja tu, lakini maji ya mfereji yalikuja mpaka kizingitini yakasimama, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nilikuwa nimeketi na Mama jikoni, nikipanga jinsi ya kuongea. Alikuwa anachambua maharage. Simu yake ndogo ya vitufe ikalia, naye, kwa kuwa masikio yamechoka, huipokea kwa sauti ya nje na kuiweka juu ya ungo.

"Shikamoo, shemeji." Nilitambua ile sauti ya Ruhembe. Hakunipigia mimi. Kwa kweli angeanzaje kunipigia mimi? Habari za vitu vya marehemu anapewa mjane.

"Marahaba, shemeji. Hamjambo huko?"

Walisalimiana kwa ukamilifu. Miwa, mvua, mgongo wa mke wake, mguu wa Mama, waliofariki tangu walipoonana mwisho, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa kati ya jiko na mlango, na kuinuka kungekuwa kukiri.

"Shemeji, mtoto alinipigia kuhusu mashine. Nimefikiri siku kadhaa, nikaona nikwambie wewe. Hiyo siyo ile ya kaka."

Mikono ya Mama ikasimama kwenye maharage.

"Siyo?"

"Siyo. Ya kaka ilikuwa na bolti nne, na ilikuwa kubwa, watu sita hawaiinui. Shamba lilipofungwa niliipakia mimi. Nzima ilishindikana, tukaipiga nyundo kwanza."

"Mliivunja."

"Vipande vipande, shemeji. Mguu peke yake vipande vinne. Ikaenda Dar kuyeyushwa, nilipanda na lori mimi mwenyewe mpaka mizani."

"Na mawe yake?"

"Yalitupwa korongoni."

Mama alimwomba arudie. Akarudia yote, bolti, nyundo, lori, korongo, kwa subira, kama mtu anayejua kwa nini anaulizwa. Nilitazama ungo. Nilidhani atanigeukia, na nilikuwa nimeshatayarisha sentensi ya kwanza.

"Kwa hiyo hii iliyomo humu ndani," Mama alisema, polepole, "siyo ile iliyomla mwenzangu kifua."

Upande wa pili yule mzee alikohoa, akasubiri kipite. "Siyo hiyo. Hiyo sijui ni ya nani, lakini haimjui kaka."

"Mwaka mzima na zaidi nimekaa nayo, shemeji. Nikasema hapa angalau ina kona yake, naifunika. Huko Mikumi ningewekewa dirishani." Alivuta pumzi. "Mwanangu msamehe kwa kukusumbua. Yeye ni msomi, vitu vingi anavijua bila kuviuliza."

Yule mzee alicheka kidogo, kwa adabu. Mama hakucheka, wala hakunitazama. Alirudisha mikono kwenye maharage, akatoa jiwe moja, akalitupa nje ya mlango.

"Salimia wote," akasema. "Na ukinitafuta tena, shemeji, usitume salamu Kilosa. Naenda Mikumi Jumamosi."